Mistari Minne Niliyoifuta

Kompyuta iliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Kwa hilo siwezi kuilaumu. Mara ya kwanza ilinieleza, kwa Kiingereza cha upole, kwamba mipangilio yote ya mtandao itaondolewa na kurudishwa kama ilivyokuwa siku kompyuta ilipotoka dukani, na kwamba baadaye huenda nikahitaji kuingiza upya mambo fulani. Mara ya pili iliuliza kwa kifupi, ndiyo au hapana. Nilisoma yote. Kiingereza changu cha kidato cha nne kinatosha kusoma maneno yale. Nikabonyeza ndiyo, kwa kuwa nyuma yangu palikuwa na mtu ananitazama, na nilikuwa nimeshamwambia, "Ngoja nitengeneze."

Mtu huyo alikuwa mama mmoja muuguzi, mkazi wa Buguruni. Kwa miaka mitatu alikuwa anajitolea kwenye kituo cha afya. Anavaa sare, anachoma sindano, anazalisha, na jina lake halimo kwenye orodha ya watumishi. Siku ile ilikuwa ya mwisho kutuma maombi ya kazi kwenye hospitali moja kubwa. Maombi yalipokelewa kwa mtandao tu, mwisho saa kumi kamili jioni. Tangazo lilisema mwombaji asiwe amezidi miaka arobaini na mitano, na yeye alikuwa anatimiza arobaini na sita mwezi uliofuata. Aliniambia hivyo mwenyewe siku tuliyoanza kujaza fomu, akicheka: "Baba, hii ndiyo yangu ya mwisho. Baada ya hapa nitabaki kuchoma watu sindano kwa mapenzi tu."

Fomu tulishaijaza. Kilichobaki ni cheti kimoja, cha usajili wa uuguzi, ambacho kilitakiwa kiwe na muhuri wa mwanasheria. Siku mbili alimfuata mwanasheria akamkosa. Siku ya tatu akampata, akapanga foleni, na saa tisa na dakika kumi akaingia kwangu jasho linamtiririka, cheti kikiwa ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha ameikumbatia kifuani kama mtoto.

"Shikamoo baba. Nimewahi?"

"Marahaba mwanangu. Umewahi sana. Kaa."

Nilikiskani kile cheti. Kikatoka safi, muhuri unasomeka. Nikafungua ukurasa wa maombi, haukufunguka. Nikajaribu tena. Kwenye kona ya chini ya kioo, alama ya mtandao ilikuwa na msalaba mdogo mwekundu.

Fremu yangu ya duka ni ya steshenari, Kariakoo, upande wa kuelekea Gerezani, chini ya ghorofa lenye korido ndefu isiyoona jua. Natoa kopi, nachapa barua, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Zamani nilikuwa karani mpiga chapa kwenye ofisi moja hukohuko Gerezani, zaidi ya miaka ishirini, mpaka ofisi ilipopunguza watu. Kwenye taipureta ukikosea kosa unaliona palepale, limekaa kwenye karatasi mbele yako, na mkubwa wako ataliona pia. Nilikuwa mzuri kwenye kazi ile. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba uzembe ninaousimulia hapa si wa mtu asiyejua kazi ni nini.

Intaneti ya korido yetu ni moja. Aliyeivuta ni jirani yangu wa mkabala, Mhindi anayeuza vipuri vya vyerehani. Kutoka fremu yake nyaya zinapita juu, zimefungwa kwenye bomba la maji, zinaingia kwa kila anayechangia. Hakutaka kila mpita njia achomeke waya na kupata, kwa hiyo alipanga kwa mkono: kila fremu ina namba zake, mistari minne ya namba, na bila mistari hiyo waya unafaa kuanikia nguo tu. Siku ya kuniunganisha alikuja mwenyewe. Alikaa kwenye kiti changu, akapandisha miwani kwenye paji la uso, akaingiza namba moja moja huku anasoma kwenye kadi aliyoishika karibu na pua.

"Bwana karani," akasema alipomaliza, "hapa usiguse."

Tulicheka wote wawili. Namba zenyewe sikuzinakili popote. Mimi, niliyekula mshahara maisha yangu yote kwa kutunza nakala.

Wakati huo tulikuwa marafiki. Saa nne asubuhi alikuwa anafungua chupa yake ya chai ya tangawizi kutoka nyumbani Upanga, na vikombe vilikuwa viwili. Tuliongea habari za magoti, za watoto wasiopiga simu, za bei ya kila kitu. Kisha siku moja, miaka mitatu kabla ya haya, intaneti ilinikatikia katikati ya kazi ya mteja. Nilitoka koridoni. Watu walikuwepo wengi, ilikuwa karibu na sikukuu. Nikamwambia jirani yangu kwa sauti kwamba amenipunguzia ili awape wanaochangia zaidi. Nikaona hajibu, nikaongeza. Nikasema, "Nyie mmezoea kutunyonya. Kama biashara imewashinda, rudini kwenu."

Aliniangalia. Mkononi alikuwa na pakiti ya sindano za cherehani, akaendelea kuzipanga kwenye kisanduku, moja moja.

Kesho yake niligundua waya wangu umeliwa na panya, ndani ya fremu yangu mwenyewe, nyuma ya rafu ya karatasi. Nikanunua mwingine, nikaubadilisha kimya kimya. Sikumwambia mtu. Yeye hakuwahi kuchomoa waya wangu. Kila mwezi nilipeleka mchango wangu, akaupokea, akasema ahsante. Chupa ya chai iliendelea kuja, ila kikombe kilikuwa kimoja. Miaka mitatu tuliishi hivyo, mlango kwa mlango, na mimi nilijiambia kwamba muda utalimaliza.

Sasa nirudi kwenye ule msalaba mwekundu.

Mtu mwenye akili angeangalia waya kwanza. Mimi nilikwenda kwenye mipangilio. Nilikuwa nimewahi kuona mteja mmoja akifanya hivyo kwenye kompyuta yake ya mapajani: anashuka mpaka chini kabisa, anabonyeza kitufe cha kurudisha mtandao mwanzo, kompyuta inajizima na kuwaka, na kila kitu kinakaa sawa. Ilinivutia ile. Kitufe kimoja, na yote yaliyovurugika yanafutika, unaanza upya kama hujawahi kuharibu kitu. Nilikuwa na hamu ya kukijaribu siku moja. Nikakijaribu siku ile, saa tisa na dakika ishirini, nikiwa na riziki ya mtu mwingine mkononi.

Kompyuta ikasema itajizima baada ya dakika kadhaa. Sikujua kama naweza kuiharakisha. Tukakaa tunaitazama.

"Baba, inafanya nini?" akauliza muuguzi.

"Inajisafisha."

"Itachukua muda?"

"Dakika tano tu, mwanangu."

Ikajizima. Ikawaka polepole, kwa maana ni ya zamani. Nikafungua ukurasa. Hakuna kitu. Nikaingia pale jirani alipokaa siku ile na kadi yake, na nikaona kile nilichokuwa nimekifanya. Visanduku vinne, vyote vitupu. Vilikuwa na namba, na namba hizo niliwahi kuziona kwa jicho la pembeni mara nyingi, nikazichukulia kama sehemu ya kompyuta, kama kioo na kibao cha herufi. Sasa palikuwa peupe kabisa.

Nakumbuka nilisogeza sogeza kipanya ili mkono uonekane una kazi.

Fremu ya kushoto kwangu ni ya dada mmoja wa Kichaga anayeuza vitenge kwa jumla. Alikuwa anawaonyesha wateja wa mikoani vitenge kwa video ya simu, kwa intaneti ileile ya korido. Sauti yake ilikuwa inatufikia: "Mnaona rangi hiyo? Hiyo haichuji, hata ufulie mawe!" Nikachungulia.

"Dada, kwako mtandao upo?"

"Kwangu unapeta tu, mzee wangu. Kwako vipi, umeua?"

"Unasumbua kidogo."

"Wewe na hiyo kompyuta mmezeeka pamoja, mtazikwa kaburi moja." Akacheka, kisha akamwona muuguzi amekaa ukingoni mwa kiti na bahasha yake, akaacha kucheka. "Muite mwenyewe basi. Si huyo hapo? Hatua nane hizo."

Alijua kwa nini simwiti. Korido nzima ilijua.

Jirani alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha siku zote, miwani kwenye paji, anasafisha kipuri fulani kwa kitambaa. Alikuwa ananiona. Mlango wangu na wake inatazamana, hakuna namna ya kutoonana. Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na tano.

Nikajaribu kubuni namba. Hili ndilo ninaloona aibu kuliko yote kulisimulia. Nilikumbuka kwamba zilianza na mia moja tisini na kitu, nikaandika, nikabadilisha ya mwisho, nikabadilisha tena, kama mtu anayejaribu funguo za nyumba isiyo yake. Kila mara kompyuta ilikubali namba yangu bila ubishi, na kila mara ukurasa ulibaki mweupe. Muuguzi alikuwa haulizi tena. Alikuwa anatazama saa ya ukutani, kisha mgongo wangu, kisha saa.

"Baba, samahani," akasema mwishoni. "Nikimbie pale kwa wale vijana wa kule mbele, wenye kompyuta nyingi? Unipe tu hivyo vyeti kwenye flashi."

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Vijana wale wako mwendo wa dakika tatu. Flashi nilikuwa nazo nne kwenye droo. Angeondoka wakati ule, angetuma na muda ungebaki wa kupumua. Hata simu yangu ya mfukoni ina intaneti yake, na nimekuja kuambiwa kwamba kuna namna ya kuiunganisha na kompyuta kwa waya uleule wa kuchajia. Yote hayo yalikuwepo.

Nikamwambia, "Wale watakuvurugia faili, mwanangu. Kule kuna foleni. Kaa, hapa tumeshafika."

Akakaa. Alikaa kwa sababu mimi ni mzee. Ningekuwa kijana, angeninyang'anya flashi na kuondoka. Alinipa heshima, nami nikaitumia kumfunga pale kwenye kiti, ili asiende kuwaambia watu kwamba yule mzee wa steshenari kazi imemshinda.

Saa kumi kasoro dakika nane nilisimama. Sijui nini kilinisimamisha. Sitaki kusema ni dhamira, maana dhamira ingenisimamisha mapema. Nadhani nilichoka tu kuogopa. Nikavuka korido.

"Jirani," nikasema.

Akashusha miwani.

"Nimeharibu. Nimefuta zile namba zako. Kuna mtu maombi yake yanafungwa saa kumi." Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimesimama pale tayari, nikaanza, "Na yale maneno ya siku ile—"

"Hayo baadaye," akasema. "Saa ngapi sasa?"

Alikuwa ameshafungua droo. Kadi zilikuwa nyingi, zimefungwa kwa mpira, kila fremu kadi yake, hata za watu waliokwishahama. Vidole vyake vilikuwa vizito, ana ugonjwa wa viungo. Nilitamani kumsaidia lakini nisingeijua kadi yangu hata ningeiona. Akaipata. Akavuka nami, akamwambia muuguzi, "Pole mama, tuone," na kabla hajagusa kibao akainama nyuma ya kompyuta. Akasukuma kitu kwa kidole gumba. Kikalia, ta.

"Waya ulichomoka," akasema.

Asubuhi ile nilikuwa nimesogeza meza ili feni inipate vizuri. Waya ulivutika, ukachomoka nusu. Basi. Ndiyo tatizo zima lilivyokuwa. Kidole gumba kimoja, saa tisa na dakika kumi, na muuguzi angekuwa kwenye basi anarudi Buguruni.

Akaingiza mistari yake minne. Ukurasa ukafunguka saa kumi kasoro dakika moja. Muuguzi alikuwa amesimama nyuma yetu, nasikia anavyopumua. Niliandika paswedi yake nikakosea herufi, nikaandika tena. Ikaingia. Nikapandisha cheti, ule mstari wa kijani ukaanza kujaa taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, ukajaa, nikabonyeza tuma. Ukurasa ukageuka. Palikuwa na sentensi moja tu, ya kutushukuru kwa nia yetu na kutuarifu kwamba dirisha la maombi limefungwa.

Aliisoma mwenyewe. Hakunisubiri nimtafsirie.

"Imefungwa?"

"Imefungwa, mwanangu."

"Labda ukirudia?"

Nikarudia. Nikarudia tena, nikijua.

Alikaa chini. Hakulia. Alianza kurudisha cheti chake ndani ya bahasha, na kilikuwa kinagoma kuingia, kona imejikunja, akawa anakinyoosha na kukirudisha, anakinyoosha na kukirudisha. Nilitaka kusema kitu. Na kitu kilichonitoka mdomoni ni kile ambacho mji mzima husema, kaunta kwa kaunta, dirisha kwa dirisha, na hakuna anayehoji.

"Mtandao, mwanangu. Mtandao umegoma. Tungefanyaje?"

"Ndiyo hivyo, baba," akasema. "Mtandao tena. Umehangaika sana, nakushukuru." Akanishukuru. Akamuaga jirani yangu pia, akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyeamka toka asubuhi sana.

Jirani yangu alikuwa bado amekaa kwenye kiti changu. Alichukua kadi yake mezani, akaisoma kama vile si yeye aliyeiandika.

"Mtandao haukugoma," akasema.

Akainuka kwa kushika meza, akavuka kwenda kwake. Ilikuwa mara ya pili namsingizia mtandao wake, na safari hii nilimsingizia akiwa amekalia kiti changu, jasho la kunisaidia halijamkauka.

Nilikaa na hilo siku tatu. Ningependa kusema nilikwenda kesho yake, lakini zilikuwa tatu. Siku ya nne nilifunga mchana, nikaenda Buguruni, kwenye kile kituo cha afya. Nilimkuta nje kwenye benchi, sare yake nyeupe imepauka, anakula mihogo ya kukaanga kwenye kipande cha gazeti.

"Baba! Unaumwa?"

"Siumwi. Nimekuja kwako."

Akanisogezea nafasi. Nikamwambia yote, kama nilivyoandika hapa: meza, waya, kitufe, namba za kubuni, zile flashi nne ndani ya droo. Nilimwambia kwamba mtandao ulikuwepo muda wote, na kwamba nilimzuia asiondoke kwa kuona haya, si kwa faida yake.

Alitafuna pole pole mpaka akamaliza alichokuwa nacho mdomoni.

"Sasa baba," akasema, "kwa nini hukunyamaza tu?"

Nikafungua mdomo, akanitangulia.

"Mimi nilishakubali. Nimesema mtandao, nimesema Mungu hakupanga, nikalala. Nilikuwa nimeshalala, baba. Sasa umekuja unanipa mtu wa kumchukia, na mtu mwenyewe ni sawa na baba yangu mzazi. Nikuchukieje? Nikutukane hapa mbele ya wagonjwa?"

"Nitukane tu."

"Ndiyo unachotaka. Nikutukane, uende nyumbani umepumua." Akalikunja lile gazeti dogo dogo mpaka likawa kama kete. Mwenzake akamwita ndani, akajibu anakuja. Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya kazini, ile wanayotumia kumwambia mgonjwa akunje mkono. "Wewe si karani? Andika barua. Waandikie hospitali kwamba kosa ni lako. Sema niliwahi, sema nilikuwa kwako tangu saa tisa na dakika kumi. Na mtu ashuhudie. Huyo mwenye mtandao ashuhudie kwamba mtandao ulikuwepo."

"Barua hawataitazama, mwanangu."

"Nimekuuliza kama wataitazama?"

Niliiandika jioni ileile. Barua za kiofisi ndiyo kazi pekee ninayoweza kufanya nikiwa nimefumba macho. Nikaichapa, nikaisoma, nikaona imekaa vizuri, nikavuka hatua zangu nane asubuhi iliyofuata.

Jirani aliivuta karibu na pua. Aliisoma mstari kwa mstari, kidole kinatembea chini ya maneno. Katikati ya ukurasa kidole kikasimama.

"Hapa umeandika 'kutokana na hitilafu ya mtandao'."

Nikatazama. Kweli. Ilikuwa imejiandika yenyewe. Nilikusudia kuandika kosa langu, na vidole vikaenda kwenye njia viliyoizoea.

"Futa," akasema.

Nikarudi kwangu, nikaifuta, nikaandika: "Nilifuta mipangilio ya kompyuta yangu bila kujua ninachokifanya, kisha nikachelewa kuomba msaada kwa aibu." Nikachapa upya. Akaisoma tena yote, tangu tarehe, kana kwamba huenda nimeficha kitu kingine mahali. Akatoa kalamu. Kabla hajasaini nikasema, kwa kuwa nisingepata nafasi nyingine kama ile:

"Yale maneno ya siku ile. Nilikosea."

Hakuinua uso. "Nilizaliwa hapa Upanga, bwana. Hospitali niliyozaliwa naipita kila asubuhi nikija dukani. Uliniambia nirudi kwetu. Nimejiuliza miaka mitatu, wapi?"

"Sikujua ninachosema."

"Ulijua."

Mtu alipita koridoni na mzigo wa mabunda kichwani, tukalazimika kusubiri apite.

"Nilijua," nikasema.

Akasaini. Sahihi yake ni ndefu, ya shule za zamani, inakaribia kuzunguka neno shahidi. Akanirudishia karatasi na kuendelea na kipuri chake. Sikutarajia zaidi ya hapo, na hakukuwa na zaidi.

Muuguzi aliipeleka barua mwenyewe, kwa mkono, akarudi na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Tukasubiri. Mwezi uliofuata ulifika na ukapita, akatimiza miaka yake, hakuna aliyelitaja hilo. Alipita dukani mara mbili tatu, kutoa kopi za kazi za kituo, akanisalimia kama zamani, ila alikuwa hakai. Anafanya mambo yake akiwa amesimama, karibu na mlango.

Jibu lilikuja kwa barua ya karatasi, jambo ambalo siku hizi ni heshima kubwa. Aliileta haijafunguliwa. Akaifungua palepale kaunta, akaisoma, akanisogezea. Walisema wamepokea maelezo yetu, wanasikitika, na kwamba maombi yaliyofika baada ya muda hayawezi kuzingatiwa, kwa kuwa kufanya hivyo kungekuwa kutowatendea haki waombaji wengine. Ilikuwa barua nzuri. Kama ningekuwa karani wao ningeiandika vilevile.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona, mwanangu."

"Wameitazama, kumbe."

"Wameitazama."

"Toa kopi mbili."

Nikatoa. Mashine ikapata moto, ikavuta karatasi ya kwanza, ikavuta ya pili. Ile halisi akairudisha kwenye bahasha yake. Kopi moja akaikunja akaiweka kwenye mkoba, akasema hiyo ni ya watoto wake, wajue alijaribu. Nyingine akailaza juu ya kibao cha kompyuta yangu, herufi zikinitazama mimi.

"Hiyo yako, baba," akasema. "Itunze."

Nikamuuliza kama anaingia zamu. Akasema anaingia mchana, na kwamba tangu asubuhi wodi ya wazazi ina muuguzi mmoja tu, na akatoka.